Binti Mtikisiko: Mwendo wa Jumatano

Beringi ilikuwa nzima.

Nzima, ndugu msomaji! Wewe uliyekaa wiki nzima ukiapa kwamba itatoka imesagika, pole sana. Hata Binti Mtikisiko aliapa hivyo hivyo, tena mbele ya Meneja, tena kwa sauti ya juu. Tulimwacha amepiga magoti mbele ya mashine ya kufunga sabuni, mota ya kisu cha kukatia karatasi imefunguliwa, watu kumi na wawili wamemzunguka wamebana pumzi.

Basi hiyo hapo, kiganjani mwake. Inang'aa kama pete ya harusi. Akaizungusha kwa kidole, ikazunguka kimya bila mkwaruzo. Akaizungusha tena, na tena ikazunguka, kana kwamba inamcheka.

"Hebu niione," akasema Mzee Bisibisi, akanyoosha mkono.

Mzee Bisibisi ndiye fundi mkuu wa kiwanda, na ni mjomba wake Binti, ndugu wa mama yake tumbo moja. Kwa miaka thelathini amezipima mashine kwa njia moja tu: ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini kwenye sikio, macho yamefumbwa. Kisha anatoa hukumu, nzima au mbovu. Hakuna aliyewahi kukata rufaa mpaka huyu mpwa wake alipoleta kidude.

Akaichukua beringi, akaizungusha, akainusa. Kwa nini aliinusa, hajui mtu. Halafu akawageukia watazamaji.

"Mgonjwa amepasuliwa," akatangaza. "Na mgonjwa alikuwa hana ugonjwa."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Laini peke yake, yule msimamizi wa laini ya kwanza, hakucheka. Alikuwa anaviangalia viatu vyake. Tutarudi kwenye viatu hivyo baadaye.

Kwa waliochelewa kujiunga nasi: Binti alikaa miaka miwili stoo akipanga boliti kwa ukubwa, na aliandika barua saba kuomba kidude cha kupima mtikisiko. Kina kitambuzi kidogo kama kifungo cha koti, chenye sumaku, unakibandika kwenye mota na kioo kinakuchorea inavyotetemeka. Hoja yake ilikuwa moja: mota hizi za servo, zinazozunguka kwa vipimo kamili, haziugui ghafla, huanza kutetemeka wiki nyingi kabla. Ukizijua mapema unabadilisha beringi moja kwa utulivu. Ukichelewa, unaokota vipande.

Mjomba alimjibu kwa dau. Mota ya kisu ikitoka mbovu, yeye atatundika bisibisi yake ukutani. Ikitoka nzima, kidude kitarudi kwenye boksi na Binti atarudi kwenye boliti zake.

Meneja aliangalia saa. "Nilisimamisha laini kwa neno lako," akasema. Hakupaza sauti, na hapo ndipo Binti alipoogopa zaidi. "Nakupa nusu saa. Mota irudi mahali pake, laini iwake. Baada ya hapo, njoo ofisini na kidude chako. Na ufunguo wa stoo nitakupa mwenyewe."

"Meneja, naomba nieleze..."

"Nusu saa."

Akaondoka, viatu vyake vikigonga sakafu.

Binti akamgeukia mjomba wake aliyekuwa amempa mgongo, akifuta bisibisi kwa kitambaa.

"Mjomba."

Mzee hakugeuka.

"Mjomba! Nisaidie hata neno moja."

Kama mtu asiyesikia, akaenda zake taratibu kuelekea laini ya pili. Kushindwa na mjomba ni kitu kimoja. Kununiwa na mjomba aliyekufundisha kushika spana ukiwa na miaka sita ni kitu kingine kabisa.

Akajikaza kisabuni. Na pale penyewe ni kiwanda cha sabuni, kwa hiyo mifano ilikuwa mingi.

Kwanza, kidude kimedanganya? Akakibandika kwenye mota ya feni iliyofungwa mwezi uliopita. Kioo kikasema nzima. Akakimbia nyuma ya jengo, akakibandika kwenye pampu ya maji, ambayo hata paka wa kiwanda anajua ni mbovu. Kioo kikachora milima.

Kidude kilikuwa mkweli. Basi mwongo ni nani?

Sasa hapa, msomaji, nipe dakika moja tu, nami sitakupeleka darasani. Beringi ina gololi ndani yake. Njia ya gololi ikipata ufa, kila gololi inapopita juu ya ufa inagonga. Gololi zikiwa nyingi, inagonga mara nyingi. Mashine ikienda mbio, inagonga mbio. Kwa hiyo ukiyajua mapigo na ukaujua mwendo, unazijua gololi ni ngapi. Na ukizijua gololi, umemjua mgonjwa kwa jina.

Binti alihesabu mapigo Jumatano saa nane mchana. Hesabu ikamwangukia mwenye gololi kumi na moja: mota ya kisu. Mapigo aliyapima kwa kidude. Na mwendo?

Akasimama ghafla katikati ya ua. Mwendo hakuupima. Mwendo aliusoma ubaoni.

Ubao upo juu ya laini ya kwanza, kwa rangi nyekundu: MWENDO, SABUNI 90 KWA DAKIKA. Sabuni moja ni mzunguko mmoja wa mota. Nani angeushuku ubao?

Akarudi ndani mbio, akakuta mafundi wameanza kuirudisha mota ya kisu. Rejista ya zamu ilikuwa inaning'inia kwa kamba pembeni ya mashine. Akaifungua kwa mikono yenye grisi.

Jumatatu, lengo limekamilika saa kumi kamili. Jumanne, saa kumi kamili. Jumatano, saa tisa na nusu. Baada ya hapo, usafi wa mashine. Akafunua ukurasa wa wiki iliyotangulia. Jumatano, saa tisa na nusu, usafi. Akafunua tena. Jumatano, usafi. Jumatano, usafi. Miezi minne! Sasa akakumbuka kwamba Meneja aliwahi kuisifia laini ya kwanza mbele ya wageni kwa kupenda usafi.

Akainua macho. Mama Laini alikuwa bado anaviangalia viatu vyake. Niliwaambia.

"Mama," Binti akasema, "Jumatano mashine hii inakwenda mwendo gani?"

"Si umeuona ubao, mwanangu."

"Ubao nimeuona. Nakuuliza wewe."

Mama Laini akatazama dari, akatazama mlango, akamtazama Binti. Ni mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha, lakini sasa sauti ilitoka nyembamba.

"Mia na kumi," akanong'ona. "Baada ya chakula cha mchana tu. Mimi niliwaambia haraka haraka haina baraka, lakini wenzangu wakanilemea. Na mimi mwenyewe, nisikufiche, sikulemewa sana."

"Kwa nini Jumatano?"

Mama Laini akainama, akavuta katoni moja kutoka chini ya meza, akaifungua kidogo. Ndani hamkuwa na sabuni. Mlikuwa na magazeti, yamepangwa kwa tarehe na kufungwa kwa kamba ya katoni.

"Jumatano ndiyo hadithi inatoka," akasema. "Tunamaliza kazi mapema nusu saa, tunakaa nyuma ya mapipa ya manukato, tunasomewa. Mwanangu, wiki iliyopita mama mkwe amekutwa na barua! Ungeweza kusubiri mpaka Alhamisi, wewe?"

Gazeti gani, mnaniuliza? Msinichokonoe. Mimi ni msimulizi, si mpelelezi.

"Mnasomewa na nani?"

Mama Laini hakujibu kwa mdomo. Alijibu kwa macho, na macho yake yalivuka mapipa, yakapita katoni, yakatua kwenye mgongo wa mzee mmoja aliyekuwa laini ya pili na bisibisi mkononi.

"Mjomba?"

"Anasoma na sauti zote! Akifika kwa mama mkwe, watu wanalia. Akifika kwa polisi, watu wanakimbia."

Kikulacho ki nguoni mwako. Binti alikaa juu ya katoni. Akachukua chaki, akaandika ubavuni mwa katoni nyingine:

90 mara 11, 990.

110 mara 9, 990.

Akaitazama ile mistari miwili. Mapigo yale yale! Kidude kilisikia sawasawa. Lakini kwa mwendo wa kweli, mgonjwa hakuwa mwenye gololi kumi na moja. Alikuwa mwenye gololi tisa, na mashine nzima ilikuwa na mota moja tu ya namna hiyo: mota ya karatasi, ile inayovuta karatasi ya kufungia, jirani ya mota ya kisu. Mota hizo mbili zimefungwa kwenye bamba moja, zimepeana mgongo kama mke na mume waliogombana. Mmoja akitetemeka, mwenzake hapati usingizi.

Furaha ikampanda, kisha ikamshuka haraka. Mota ya karatasi ikikwama wakati kisu kinashuka, kisu hakitakuta karatasi. Kitakuta kipande cha sabuni kigumu, kitavunjika, na vipande vitaruka. Na kiti kilicho mbele ya kisu ni cha Mama Laini.

"Laini isiwashwe!" akapiga kelele.

"Nani amesema isiwashwe?" Meneja alikuwa amesimama mlangoni, saa mkononi.

"Mimi. Mbovu ni mota ya karatasi, Meneja. Tuifungue sasa hivi."

Meneja alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kesho utaniambia mbovu ni taa. Umefungua moja, imetoka nzima. Kwa nini nikuruhusu ya pili?"

"Kwa sababu niliukosea mwendo. Niliusoma ubaoni, sikuupima. Hilo ni kosa langu mimi mwenyewe, na sitalirudia. Siku niliyopima, mashine ilikuwa inakwenda mia na kumi."

"Mia na kumi?" Meneja akasogea. "Nani aliipandisha?"

Mama Laini akaushika ukingo wa meza. Kupandisha mwendo bila ruhusa ni barua ya kuondoka, kila mtu anajua; imebandikwa pale pale chini ya ubao.

"Nimeuliza, nani aliipandisha, na kwa sababu gani? Nipe jina, nifungue mota. Huna jina, huna mota."

Binti akamtazama Mama Laini. Akamtazama mjomba wake, ambaye alikuwa amerudi na sasa amesimama nyuma ya watu, macho yameganda kwenye midomo ya Meneja. Jina moja tu, na kidude ni chake. Akafungua kinywa. Akakifunga.

"Jina sina," akasema. "Nipeleke stoo. Lakini mota ya karatasi fungua, hata nikiwa sipo. Nakuomba."

Alimaanisha, na machozi yalimtoka bila aibu.

"Ni mimi."

Watu wakapisha njia. Mzee Bisibisi alipita katikati yao mpaka akasimama mbele ya Meneja.

"Mwendo niliuagiza mimi, kwa sababu wanangu hawa hunisikiliza nikisoma hadithi Jumatano, nami napenda kusikilizwa. Ukitaka kumfukuza mtu, wa kumfukuza ni huyu hapa. Na ukitaka sababu ya kuifungua mota, unayo sasa."

Meneja akaishusha saa. "Hadithi," akasema.

"Ya mfululizo," akasema Mama Laini, kana kwamba hilo linapunguza kosa.

"Hilo tutalizungumza baadaye. Fungueni."

Mzee akaifungua mwenyewe. Boliti nne, kifuniko, kisha shafti, ule mhimili unaozunguka, ikavutwa taratibu. Na kabla beringi haijatoka, kitu kidogo kilidondoka sakafuni, kikaviringika, kikasimama mbele ya kiatu cha Meneja.

Gololi.

Nyuma yake vikafuata vipande vya chuma na grisi nyeusi kama lami. Binti akamulika tochi: njia ya gololi ilikuwa imechimbika upande mmoja, shimo la kutosha kulaza punje ya mchele. Mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mama Laini, akiangalia kiti chake mwenyewe.

Binti alicheka na kulia kwa pamoja. Miaka miwili ya boliti, barua saba, na sasa kila mtu anagombania kuishika ile beringi mbovu kama mtoto mchanga!

Lakini tazama mjomba wake. Mtu aliyeshindwa hununa. Mzee Bisibisi alikuwa anatabasamu. Akaivuta bisibisi mfukoni, akaushika mkono wa mpwa wake, akamwekea mpini kiganjani.

"Ahadi ni deni," akasema kwa sauti. "Natundika leo. Tena sasa hivi. Nani ana msumari?"

"Mjomba, haraka ya nini? Dau lilikuwa la mota ya kisu, tena lilikuwa utani tu."

"Hapana, mama. Dau ni dau. Lete msumari."

Watu walimsifu kwa uungwana. Binti naye alimsifu, ila kitu fulani kilimkwaruza moyoni, kama gololi inayopita juu ya ufa.

"Hakuna msumari," Meneja akakata. Alikuwa ameifunga beringi mbovu ndani ya leso yake nyeupe, hataki kuiachia. "Kutoka leo, kila mota kiwandani itapimwa mara mbili. Kidude kitasema, na sikio la Mzee litasema. Vikikubaliana, inaendelea. Vikipingana, nasimamisha laini na kufungua. Kinga ni bora kuliko tiba, si ndivyo ulivyoniandikia barua zote saba? Mota zote za servo zimalizike wiki hii. Na hiyo, Mzee, ndiyo adhabu yako ya hadithi. Anzeni na ile pale."

Akaonyesha mashine ya laini ya pili, iliyokuwa inafunga sabuni kwa fujo zote.

Tabasamu la Mzee likazimika. Kwa sekunde moja alifanana na mtu aliyeitwa kuimba mbele za watu bila kujua wimbo. Kisha akaichukua tena bisibisi yake, akaenda.

Binti akabandika kitambuzi kwenye mota. Kioo kikawaka, mistari ikaanza kupanda na kushuka. Mjomba akaweka ncha pembeni, mpini sikioni, akafumba macho kama alivyofumba kwa miaka thelathini.

Ndipo karatasi ya laini ya pili ilipoisha.

Mwendeshaji akabonyeza kitufe, mashine ikasimama, akaenda kuleta rola jipya. Laini ya tatu na ya nne ziliendelea kupiga kelele zao, kwa hiyo hakuna aliyegeuka. Watu walikuwa wamemzunguka Meneja, wakiitazama leso.

Kwenye kioo, mistari ikalala. Shafti ilikuwa imesimama kabisa.

Mzee Bisibisi bado alikuwa amefumba macho. Alitikisa kichwa polepole, kwa kuridhika, kama anayefuata wimbo anaoupenda.

"Nzima," akatangaza. "Inaimba vizuri sana."

Binti akakitazama kioo, kisha akamtazama mjomba wake. Mgongo aliopewa pale alipoita "Mjomba" mara mbili. Macho yaliyoganda kwenye midomo ya Meneja. Haraka ile ya kutafuta msumari. Vyote vikamjia kwa mpigo mmoja, na hakuhitaji chaki kuvijumlisha.

Mzee akafumbua macho. Akaiona shafti imesimama. Akainua uso taratibu, akakuta mpwa wake anamtazama.

Akaishusha bisibisi kutoka sikioni.

"Haya!" Meneja akaita kutoka kule kwenye kundi, bila kugeuka. "Mzee amesema nzima. Binti, na kidude kinasemaje?"